Umefika linta Pemba: mvule wa msituni, mfenesi wa shamba au paina ya bara?

Fundi wangu wa Konde ana ubao mmoja wa mvule ameuegemeza nyuma ya karakana, kaufunika gunia, na hauuzi. Ukitaka kumuudhi, muulize bei. Upana wake futi mbili kasoro, kipande kimoja kisicho na kiungo. Siku moja aliupitishia randa mara mbili ili nione: chini ya vumbi ikatoka rangi ya asali. Aliurithi kwa babake, aliyeupata kwenye nyumba iliyobomolewa Wete.

"Mti wa kutoa ubao kama huu," akaniambia, "mie sijauona umesimama ila msituni Ngezi. Na Ngezi hakukatwi."

Mtu mmoja aliyekuwa anasubiri kiti chake akacheka. "Hakukatwi mchana, yakhe."

Nyumba yangu iko kwenye linta, kuta zimefika juu ya milango, mwaka wa tatu sasa. Inataka fremu saba za milango, madirisha tisa, na paa zima. Kila anayenipitia ana mti wake wa kunishauri, na kila mmoja huapa. Kwa hiyo nimezunguka, nimeuliza, nimenunua na kujuta mara moja, na hapa naziweka mbao hizo ubavu kwa ubavu kwa ajili ya mwenzangu aliyefika linta na mfuko wake umechoka. Nasema mapema kwamba nina upande: mvule wa Ngezi sinunui hata nikiletewa mlangoni. Lakini sitausingizia ubaya. Kwa ubao tu, kwa ubao peke yake, hakuna mti nitakaoutaja hapa unaoushinda.

Mvule

Moyo wa mvule mchwa huuonja na kuuacha. Hustahamili mvua na chumvi, haupindi ovyo ukikauka, na ndiyo maana waunda vyombo na wachonga milango waliuhusudu. Milango ya Mji Mkongwe ni ya msaji uliokuja na majahazi kutoka India, ya mvule na ya mfenesi. Kasoro ya mvule ni moja ya kuchekesha: ndani yake huota mawe kweli, madonge ya chokaa, na fundi asiyejua huvunja meno ya msumeno akadhani karogwa.

Tatizo si ubao, ni mti. Mvule wa kutoa mbao pana unataka nusu karne na zaidi. "Basi tuipande," watu husema, na mimi nilisema hivyo hivyo mpaka nilipoelezwa. Mche wa mvule huingiwa na kidudu kidogo kinachotia vinundu kwenye majani na vikonyo vichanga; vinundu hupasuka, ncha ikaoza, mti ukadumaa. Ukipanda shamba zima la mivule kwa safu, umekiandalia karamu, kinahama mche hadi mche. Ndiyo sababu dunia ina mashamba makubwa ya msaji na haina ya mvule. Huu ni mti wa kuota mmoja mmoja, katikati ya miti mingine. Tena una dume na jike, na matunda huzaa jike tu. Mbegu zake hubebwa na popo walao matunda, ambao huku kwetu tunawajua vizuri; popo wa Pemba hapatikani kisiwa kingine chochote duniani. Zamani tulimla mpaka ikahofiwa kaisha, watu wakaamua kumlinda, kama walivyofanya wa Kidike, na hesabu za baadaye zikavuka 20,000.

Kwa hiyo anayeangusha mvule jike mkubwa hakuchukua ubao tu. Kachukua kitalu kizima, na popo kamnyima chakula.

Sasa tupime msitu wenyewe. Ngezi una hekta 1,400 na kitu, kwenye kisiwa chenye kilomita za mraba chini kidogo ya 1,000, na sensa ya 2022 ilituhesabu Wapemba zaidi ya 540,000. Nimekaa na karatasi nikagawa: kila mmoja wetu, pamoja na mtoto aliyezaliwa jana, fungu lake la Ngezi ni kama mita za mraba 26. Chumba kimoja kikubwa na varanda yake. Ndani ya chumba hicho uweke mvule wako, mjoho wako, mpapindi wako ambao ni mnazi-mwitu wa Pemba peke yake, bundi mdogo wa Pemba, na nafasi ya kupita. Kiasi chake ndicho hicho, na kimebaki kwa sababu kisiwa kilichosalia kiligeuzwa mashamba ya karafuu karne ya 19, hasa baada ya kimbunga cha 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja na mzigo wote ukahamia kwetu.

Ukitaka kuielewa tofauti, usisome. Panda gari Konde kuelekea Makangale. Barabara inakata msitu katikati. Umetoka juani, kwenye mihogo na mabati, na mara kama mtu kafungua mlango wa kisima: baridi inakushika mikono, mwanga unakuwa wa kijani, na sauti ya injini inabadilika. Dakika chache baadaye umetokea upande wa pili, jua linakupiga tena. Dereva wetu siku ile alizima redio kabla ya kuingia. Sikumuuliza kwa nini. Wazee wanasema mle mna wenyewe.

Hoja ya wanaotaka ikatwe

Sipendi maandishi yanayomfanya mkata miti kuwa shetani, kwa sababu wengi wao nawajua. Hoja yao ikisemwa vizuri ni hii: mivule mizee huanguka yenyewe na kuozea mle, huku sisi tunalipa nauli ya mbao kutoka Tanga. Kwa nini isikatwe michache kwa mpango, mti mmoja hapa, mwingine kule, fedha zikachimba visima Makangale?

Hoja hii si ya kijinga. Ngezi wenyewe si msitu usioguswa. Wapasua mbao walishaupita karne iliyopita. Hata Jozani kule Unguja kulikuwa na kiwanda cha mbao miaka ya 1930. Yote miwili imesimama mpaka leo.

Ila angalia yaliyotokea Usambara Mashariki, ng'ambo yetu tu, nyuma ya Tanga. Miaka ya 1970 na 1980 kulikatwa kwa mashine. Mti mkubwa ukianguka hauanguki peke yake. Unavuta mimea inayotambaa na kuponda majirani, unaacha pengo lenye jua. Kwenye mapengo yale wenyeji wa msituni hawakuwahi kurudi upesi. Aliyewahi ni msizi, mti wa kuletwa unaopenda jua na unaokimbia kukua, na mbegu zake hubebwa na ndege. Mpaka leo Amani, huko huko Usambara, wanahangaika nao. Na Usambara ni milima, una pa kukimbilia. Ngezi ukiufungulia mapengo, pembeni yake kuna mihogo, halafu bahari.

Hicho "kidogo kwa mpango" kinataka pia msitu mkubwa ili hesabu ikubali. Ukisema mti ukatwe na mwenzake asubiriwe miaka 60, unahitaji eneo la kuzungusha vizazi vya watu. Kwenye chumba na varanda huzungushi kitu.

Lakini kuna upande mmoja wa malalamiko ambao nauunga mkono mikono miwili. Aliyezaliwa pembezoni mwa Ngezi akikutwa na mzigo wa fito kichwani ni mwizi. Aliyetia mlango wa mvule mpya mjini, hakuna anayemuuliza kautoa wapi; tunausifia na kupiga nao picha. Jozani angalau wageni ni wengi, kima punju wanapigwa picha mchana kutwa, na fungu la kiingilio hufika vijijini. Hesabu iliyotoka 2019 ilikuta kima hao zaidi ya 5,800, mara tatu ya ilivyodhaniwa. Ngezi wageni hawafiki kwa wingi huo. Ukimwambia mtu wa Makangale asubiri watalii, unamwambia asubiri meli isiyo na ratiba. Kinachomsaidia ni shamba la miti la kwake, na mjenzi wa Chake kama mimi kutomtuma usiku kwa fedha zangu.

Hapo ndipo uchaguzi wa mbao unapoingia.

Mfenesi

Kama ungeniuliza jina moja tu kwa fremu na milango, ningekujibu mfenesi. Umo mashambani mwetu tangu mababu, ubao wake ni wa manjano kama manjano ya pilau, na kadiri unavyozeeka huwa kahawia ya kupendeza. Mchwa haupendi sana. Hupasuliwa vizuri, huchongeka vizuri, na wachongaji wa zamani waliutumia kwa milango ambayo leo watu huambiwa ni ya mvule na wanaamini.

Ubaya wake ni vipimo. Mara chache utapata ubao mrefu ulionyooka, kwa sababu mfenesi hutoa matawi mapema. Fremu ya mlango utaipata. Kenchi ya futi 16 usijisumbue. Na ni dhambi kukata unaozaa. Tafuta mzee, ule ambao mwenye shamba mwenyewe analalamika kuwa mafenesi yake yamekuwa utomvu mtupu. Hata kama mti ni wako na shamba ni lako, kibali cha Idara ya Misitu kinatakiwa kabla ya shoka. Sheria ya Misitu Namba 10 ya 1996 si ya misitu ya serikali tu. Wengi hawajui mpaka gari lisimamishwe njiani na mbao zao.

Msaji na mninga

Msaji uliopandwa hapa visiwani ni mbao nzuri, karibu na mvule kwa uvumilivu, na ungekuwepo wa kutosha Pemba ningeandika ukurasa mmoja tu. Haupo wa kutosha. Ukiupata, tazama kichwa cha ubao: sehemu nyeupe ya nje huliwa kama mkate, ni moyo tu unaodumu. Msaji mchanga mara nyingi ni weupe mtupu.

Mninga wa bara unauzwa kwa sifa, na kweli ni mzuri kwa samani. Lakini usijidanganye kwamba umeuokoa Ngezi kwa kununua mninga. Nao hukatwa msitu wa asili, wa miombo, na nao huchukua miaka mingi sana kukua. Umeuhamisha msiba, umeupeleka Tabora au Ruvuma ambako huoni matanga yake.

Paina ya bara

Hii ndiyo mbao ya paa langu, wala sioni haya. Hutoka mashamba ya kupandwa, makubwa zaidi yakiwa Sao Hill kule Mufindi, ambako mti hupandwa ili ukatwe na mwingine hupandwa mahali pake. Ni nyepesi, imenyooka, mbili kwa nne na mbili kwa sita hupatikana kwa urefu unaotaka, na mafundi wa kenchi wameizoea.

Peke yake ni chakula cha mchwa. Lazima iwe na dawa, na hapa ndipo wauzaji wanapotuchezea. Kuna mbao iliyotiwa dawa kwa kusukumwa ndani na mtambo, na kuna iliyopakwa rangi ya kijani kibichi kwa brashi ili ifanane. Chukua msumeno, kata ncha ya ubao mmoja mbele ya muuzaji. Ukikuta kijani imeishia juu kama ganda la yai, rudisha. Anayekataa kukatiwa ncha keshakujibu.

Jambo jingine ni bahari. Mbao zinashushwa Mkoani au zinafika Wete na jahazi, na si nadra kuwa zimekula maji njiani. Usipandishe paa wiki hiyo. Zipange kivulini, kila safu na vijiti vyake katikati, zikae mpaka zitulie.

Mnazi: nilipoumia

Mnazi mzee usiozaa ndio mti rahisi zaidi kumshawishi Mpemba kuukata. Nilinunua pau 30 za mnazi kwa muuzaji mmoja wa mjini kwa ajili ya banda la nyuma. Zilikuwa zimesuguliwa zikang'aa. Masika ya pili banda lilikuwa limelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Nilipopanda juu nikakuta baadhi ya pau zinabonyea kwa kidole gumba.

Fundi alipoona akacheka kwanza, halafu akanifundisha. Mnazi si kama miti mingine. Ugumu wake uko nje, moyo wake ni sponji. Muuzaji alinipasulia moyo. Pau nzuri ya mnazi hutoka sehemu ya chini ya gogo, upande wa nje, na ukiitazama kwenye ncha utaona vidoa vyeusi vimebanana kama mbegu za ufuta kwenye mkate. Vidoa vikiachana, hiyo ni ya kuwashia jiko. Ukucha ukiingia, usinunue. Sehemu ngumu ikichaguliwa vizuri ni pau imara sana, ila huua msumeno, na fundi ataongeza bei ya kunoa. Ana haki.

Mvinje, mikeshia, na boriti za mikoko

Mvinje ndio jibu la watu wa Makangale kuliko langu. Hukubali mchanga, hukua haraka, na ndani ya miaka michache unatoa nguzo za banda, za jukwaa la kumwagia zege, na kuni. Mikeshia vivyo hivyo. Nguzo ya mvinje chini ya ardhi huliwa na mchwa, kwa hiyo isimamishe juu ya jiwe, na imenye magome kabla hujaitumia. Kwa nyumba ya kudumu siutumii.

Ninayetaka autumie mvinje zaidi ni mchoma chokaa. Tanuri moja la chokaa humeza magogo kwa malori, na sisi tunaohesabu milango ya mvule tunasahau kwamba ukuta wetu wenyewe ulipikwa kwa msitu wa mtu. Ukinunua chokaa, uliza ilichomwa kwa kuni gani. Muuzaji atakutazama kama mwendawazimu, lakini uliza.

Boriti za mikoko zilijenga miji yetu yote ya pwani. Vyumba vya nyumba za zamani ni vyembamba kwa sababu boriti ina urefu wake, hukuweza kuuzidi. Leo mkoko ni msitu wa asili kama Ngezi, ila umesimama majini na unamzuilia mtu bahari. Mimina zege.

Nilivyochagua

Fremu zote saba na mlango wa mbele ni mfenesi, kutoka shamba la mjomba, mti mmoja mzee uliokuwa unaegemea banda la ng'ombe. Kenchi ni paina yenye dawa ya ndani. Pau ni mnazi, safari hii nimechagua mwenyewe moja moja, na muuzaji kanichukia. Madirisha nimeyaweka pembeni mpaka nipate msaji wa uhakika, nikikosa nitatia alumini, na mama keshasema alumini ni ya hospitali.

Kwa fedha, mfenesi haukuwa rahisi kama nilivyodhani. Mti ulikuwa wa bure, lakini kibali, mpasuaji, gari na kungoja vina gharama, na kungoja ndiko kunakouma. Anayetaka kuhamia kabla ya Ramadhani achukue fremu za paina yenye dawa, apake rangi, asimsikilize mtu.

Mbao zangu zimepangwa nyuma ya karakana, karibu na ule ubao wa mvule wenye gunia, vijiti katikati ya kila safu. Fundi kaandika kwa chaki kwenye ubao wa juu mwezi wa kuzifungua: Shaabani. Mama keshaanza kuuliza Shaabani ipi.